Gesi Haiotwi

Juni ya mwaka jana niliposhuka stendi ya Njombe mjini, kabla hata sijatafuta usafiri wa kwenda kijijini, nilimnunulia mama mtungi wa gesi wa kilo 6 pamoja na jiko lake dogo la kufungia juu, tukaufunga kwa kamba nyuma ya bodaboda, nami nikapanda nyingine na begi langu. Mama aliupokea kwa furaha ya kweli. Jioni ile ile alichemshia chai ya wageni, akawaonyesha majirani namna moto wa buluu unavyopungua na kuongezeka kwa kuzungusha kitufe, na kila aliyeingia alipewa maelezo yale yale kutoka mwanzo. Siku ya nne nilipoamka niliukuta mtungi umehamishiwa sebuleni, umefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya zamani, na mama mwenyewe yuko jikoni nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, mikono ameielekeza kwenye kuni zinazofuka, macho yanamtoka machozi.

Nilimuuliza kama gesi imekwisha. Akanijibu bila kugeuka: "Gesi haijaisha, mwanangu. Gesi ni nzuri sana. Lakini gesi haiotwi."

Nimekaa na sentensi ile mwaka mzima. Nilikwenda pale nikiamini kwamba tatizo la moshi katika nyumba ya mama ni tatizo la upishi, na kwamba likipatiwa jiko jingine limekwisha. Mama kwa maneno mawili alinionyesha kwamba nilikuwa nimejibu swali ambalo hakuuliza.

Asiyeijua Njombe na aanze na baridi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Agosti usiku hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na ukipanda kuelekea Makete na Kitulo utakuta asubuhi majani yamefunikwa barafu nyembamba kama chumvi. Nyumba zetu hazina kifaa chochote cha kupasha joto. Ukuta ni wa tofali la kuchoma, paa ni la bati, na bati halihifadhi joto la mchana hata kwa saa moja. Katika nyumba ya namna hiyo moto wa jikoni ndio blanketi la familia nzima. Mtoto aliyetoka shule akiwa amelowa huletwa pale, mgeni aliyefika kwa miguu huvutiwa kigoda pale, na mzee asiyepata usingizi huamka saa kumi alfajiri akaenda kuchochea makaa yaliyolala chini ya majivu.

Tena moto ule una kazi nyingine ambazo hazionekani kwa mtu wa mjini. Juu ya mafiga kuna uchaga, na juu ya uchaga kuna mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yake, ambayo moshi huyakausha na kuyakinga na wadudu mpaka msimu wa kupanda. Miti ya paa imepakwa masizi meusi yanayong'aa, na mchwa hauigusi. Maharage yanayochemka kwa saa tatu, kande, maji ya kuoga ya watu sita, chakula cha nguruwe: vyote vinapita pale pale, kwa kuni ambazo hazikununuliwa. Hapo ndipo hesabu ya kilo 6 za gesi zinazogharimu zaidi ya shilingi 20,000 inapoanza kuonekana kama mzaha.

Nitasema pia jambo ambalo wenzangu wa mjini hawapendi kulisikia. Kampeni nyingi za kuacha kuni zimejengwa juu ya hoja ya misitu, na hoja hiyo ina ukweli mkubwa kule ambako mkaa wa Dar es Salaam unatokea. Kwetu hoja hiyo haina meno. Njombe ni mkoa wa watu wanaopanda miti: misindano, milingoti, na miwati iliyoletwa enzi za ukoloni kwa ajili ya magome yake. Mama ana kipande chake cha milingoti alichokipanda mwenyewe, na kila kiwanda kidogo cha mbao kando ya barabara kina rundo la mabanzi linalosubiri mwenye toroli. Ukimwambia anaharibu msitu atakupeleka shambani akakuhesabie miche. Kwa hiyo ikiwa kuna sababu ya kuzungumza naye kuhusu kuni, sababu hiyo lazima iwe kifua chake, basi.

Na kifua, kwetu, ni habari ya bibi.

Bibi mzaa mama alikohoa tangu nilipoanza kumfahamu. Kilikuwa kikohozi cha alfajiri, kirefu, chenye mapumziko katikati, na sisi wajukuu tulikitumia kama saa: bibi akikohoa mara ya pili, muda wa kwenda kuchota maji umefika. Alipozidiwa alipelekwa kituo cha afya, akapimwa makohozi kutafuta kifua kikuu, hakuonekana nacho. Mwaka mwingine akapimwa tena, hakuonekana nacho. Mara ya tatu vilevile. Aliulizwa kama anavuta sigara, naye, mwanamke aliyekuwa hajawahi kuishika hata moja, alilichukulia swali lile kama tusi na kulisimulia kwa miaka. Hakuna aliyemuuliza anapikia nini. Tabibu mmoja kijana, katika hospitali nyingine, ndiye aliyekuja kumwuliza amepulizia moto wa kuni kwa miaka mingapi. Bibi akacheka. Alisema kama moto ungekuwa na umri, huo wake ungekuwa na wajukuu. Ndipo ugonjwa ukapata jina, ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ule ambao watu wengi wanadhani ni wa wavutaji peke yao, na akaandikiwa dawa ya kuvuta kwa mdomo. Ilikuja imechelewa. Njia za hewa zilizokwisha kukakamaa hazirudi kuwa laini.

Ninapomtazama mama akikohoa sasa, kwa mapumziko yale yale katikati, ninasikia saa ile ile.

Moshi ni kuni ambazo hazikumaliza kuungua. Ukiuelewa hivyo, mengi hujieleza yenyewe. Kuni ikipata joto hutoa gesi, na gesi hiyo ikikutana na hewa ya kutosha katika joto la kutosha huungua yote na kubaki mvuke na hewa ukaa (kaboni dioksaidi). Joto likipungua, gesi hizo hutoka zikiwa nusu zimeungua, zikapoa, zikagandamana kuwa chembechembe. Kuni mbichi huwa na maji yanayoweza kufikia nusu ya uzito wake, na moto hutumia nguvu zake za kwanza kuyachemsha maji hayo kabla haujafanya jambo lingine lolote. Ndiyo maana kuni mbichi hulia, hutoa povu kwenye ncha na kufuka sana bila kuwaka. Mabanzi ya msindano yana shida zaidi ya hiyo, kwa kuwa yana utomvu, na utomvu unatoa moshi mweusi unaonata.

Katika moshi huo kuna gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, kuna kemikali kama benzini na formaldehaidi, na kuna chembechembe laini ambazo wataalamu huziita PM2.5, yaani zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani unaweza kuzizidi upana kwa mara 30 hivi. Vumbi la barabarani tunalolikohoa hukamatwa puani na kwenye makamasi, lakini chembe hizi hupita hapo bila kusimamishwa, zikashuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, na zilizo ndogo zaidi huvuka zikaingia kwenye damu. Kwa hiyo madhara ya moshi hayaishii kifuani. Yanafika kwenye moyo, kwenye mishipa ya ubongo kwa njia ya kiharusi, kwa mtoto aliye tumboni anayezaliwa na uzito mdogo, na kwenye macho, kwa sababu mtoto wa jicho huwapata zaidi wanawake waliopikia kuni miaka mingi. Mwaka 2006 jopo la wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuni za majumbani katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu.

Shirika hilo hilo linakadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na kati yake zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wenye umri chini ya miaka 5. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka wastani wa mwaka wa chembechembe laini usizidi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni lisilo na bomba la moshi hufikisha mamia, na katika dakika za kuwasha, maelfu.

Mimi sina kipimo cha mikrogramu. Nilifanya jambo la kienyeji. Nilichukua shuka nyeupe iliyochakaa, nikakata vipande vitatu vyenye ukubwa wa leso, nikavitundika jikoni kwa mama: kimoja kwenye uchaga, cha pili ukutani usawa wa kichwa changu nikiwa nimesimama, na cha tatu usawa wa kichwa cha mama akiwa amekaa kwenye kigoda. Nikaviacha siku saba. Mama aliona ni mchezo wa watu waliosoma wakakosa kazi, lakini hakuving'oa.

Cha juu kiligeuka cheusi, kikawa kinanata vidoleni kama kimepakwa asali. Cha katikati kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Cha chini kilikuwa kama maziwa yaliyodondoshewa chai kidogo. Nilivitandaza nje kwenye majani, mama akaja, akavitazama kwa muda mrefu, akasema jambo ambalo sikulitegemea: "Ndiyo maana bibi yako alikuwa anatufokea tukisimama jikoni." Watu wa zamani walijua. Moshi wa moto hupanda na kutanda kuanzia darini kushuka chini, na katika jiko lisilo na tundu la juu unaweza kuuona ukingo wake wa chini ukielea hewani kama pazia lililoishia njiani. Kigoda cha jikoni ni kifupi kwa sababu hiyo. Anayekaa chini ya pazia anapumua, na anayesimama ametia kichwa ndani ya chungu.

Bahati mbaya anayesimama zaidi ni mpishi, na mpishi mara nyingi ana mtoto mgongoni. Wifi yangu alikuwa na binti wa miezi minane wakati ule. Kila alipoinuka kuinjika sufuria au kuteremsha mahindi kutoka uchagani, kichwa cha mtoto kiliingia katika ile rangi ya chai. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, kuvuta hewa ya namna hiyo karibu kunazidisha maradufu hatari ya mtoto mdogo kupata maambukizi ya mapafu, kile tunachokiita kichomi. Nilimwonyesha wifi vitambaa. Hakusema kitu, ila kuanzia siku ile mtoto alibaki sebuleni na shangazi zake wakati wa kupika, na ninaamini kitambaa kile kilifanya kazi ambayo kipeperushi hakingeifanya.

Kabla sijaendelea na moshi, lazima niseme habari ya mkaa, maana wengi waliochoshwa na moshi hukimbilia huko wakidhani wamepona. Mkaa hautoi moshi mwingi unaoonekana, na hapo ndipo ulipo mtego wake. Nilipokuwa kidato cha tano, tukiwa wasichana wanne tuliopanga chumba kimoja, usiku mmoja wa Julai tuliingiza ndani jiko la mkaa tulilokwisha kupikia, tukalisogeza katikati ya vitanda, tukafunga mlango na kuziba upenyo wa chini kwa kanga ili baridi isipite. Mwenzetu mmoja aliamka usiku wa manane kwenda chooni. Akaanguka mlangoni. Kishindo chake na hewa iliyoingia mlango ulipofunguka ndivyo vilivyotuamsha sisi watatu, vichwa vinapasuka, miguu haina nguvu, mmoja anatapika. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, nayo hujishika kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo damu inaendelea kuzunguka lakini haibebi tena kile inachopaswa kubeba. Aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Kila msimu wa baridi katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini husikika habari ya familia iliyokutwa asubuhi imelala moja kwa moja, jiko likiwa katikati ya chumba, na watu wa mbali hutafuta sumu au uchawi. Sisi tulipona kwa sababu ya kibofu cha mtu.

Nirudi kwenye mtungi uliofunikwa kitambaa. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Kitaifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo. Siku chache baadaye alikuwa Paris, mwenyekiti mwenza wa mkutano kuhusu upishi safi barani Afrika, ambao ahadi zake za fedha zilifikia dola bilioni 2.2. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilikuwa zimekwisha kuagizwa kuachana na kuni na mkaa. Ninaliunga mkono jambo hili lote, na ninasema hivyo waziwazi ili nisieleweke vibaya. Nilichoanza kukitilia shaka ni namna tunavyohesabu. Tunahesabu mitungi iliyogawiwa. Kwa hesabu hiyo nyumba ya mama imekwisha kuokoka: ina mtungi, ina jiko, na kuna picha yake akiwa ameshika vyote viwili. Moshi wa ndani ya nyumba hiyo haukuhesabiwa na mtu, na ulikuwa pale pale.

Sio mama peke yake. Ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Kyela, katika wilaya ya Karonga nchini Malawi, na pia kusini katika wilaya ya Chikhwawa, watafiti walizipatia kaya majiko ya kisasa ya kuni yenye feni ndogo ya kusukuma hewa, wakawafuatilia watoto zaidi ya 10,000 wenye umri chini ya miaka mitano. Matokeo yalitolewa mwaka 2017. Kichomi hakikupungua: watoto waliopata majiko na ambao hawakupata waliugua karibu sawasawa. Majiko yaliharibika, mengine yaliachwa, na hata yalipotumika, moshi wa takataka zinazochomwa uani, wa jirani, na wa moto mwingine uliobaki ukiwaka pembeni uliendelea kuingia katika vifua vile vile.

Utafiti mwingine ulifanyika kwa pamoja katika nchi nne, Guatemala, India, Peru na Rwanda, ambako kazi ilikuwa mashariki mwa nchi, wilayani Kayonza. Huko wajawazito walipewa jiko la gesi na gesi yenyewe bure kwa muda wa miezi 18, wakaletewa mpaka mlangoni, nao wakaitumia karibu bila kurudi kwenye kuni. Chembechembe walizozivuta zilishuka hadi theluthi moja hivi ya zile za wenzao. Pamoja na hayo, matokeo yaliyotolewa mwaka 2022 hayakuonyesha kwamba watoto wao walizaliwa wazito zaidi, na yale ya mwaka 2024 hayakuonyesha kwamba kichomi kikali kilipungua kwa watoto hao.

Kuna watakaoyasoma matokeo haya na kusema: basi moshi hauna neno, tuendelee. Mimi nayasoma kinyume. Maelezo mojawapo yanayotolewa na wataalamu ni kwamba madhara ya chembechembe hupanda kwa kasi katika viwango vya chini, kisha mpando unalala, yaani moshi ukizidi hapo madhara hayaongezeki tena kwa kasi ile. Mtu aliye katika mamia ya mikrogramu akishuka akaishia kwenye makumi, bado yuko mahali ambapo mwili unaumia. Ni kama mtu aliyezama kina cha mita kumi ukamvuta mpaka mita tatu: umefanya kazi kubwa, lakini pua yake bado iko majini. Na theluthi iliyobaki inatoka wapi, ikiwa jiko ni safi? Inatoka kwa jirani, inatoka barabarani, inatoka kwenye jalala linaloungua. Na katika nyanda za baridi kama kwetu, inatoka kwenye moto wa kuota ambao hauhusiani kabisa na sufuria, na kwa hiyo haumo katika mkakati wowote wa kupikia.

Hamu ya moto, tena, si ya maskini peke yao. Binamu yangu anayeishi Uingereza aliniambia kwamba majirani zake, wenye nyumba zilizopitishwa mabomba ya joto kila chumba, wananunua majiko ya chuma ya kuchoma kuni kwa fedha nyingi, wakae tu mbele yake jioni wakitazama miali. Imefikia mahali ambapo tangu Mei 2021 huko England ni marufuku kuuza kuni mbichi katika mafungu madogo. Lazima unyevu wake usizidi asilimia 20. Nilipomsimulia mama alishangaa sana kwamba kuna nchi ambayo serikali inakagua ukavu wa kuni. Halafu akasema hao ni watu wenye akili, na akaenda kuyageuza mabanzi yake.

Kwa sababu nilikuwa nimeamua kutogombana naye, tulianza na hapo: kuni kavu. Kaka yangu alijenga kibanda cha bati ubavuni mwa jiko, kuni zikapangwa kwa kupishana ili upepo upite, na zilizokatwa msimu huu haziguswi mpaka msimu ujao. Jambo la pili lilikuwa bomba la moshi. Hapo tulikosea. Fundi wa kwanza alitoboa bati akapitisha bomba jembamba lililoishia chini ya kilele cha paa, na kila upepo ulipovuma kutoka kusini moshi wote ulirudi ndani kwa hasira zaidi, na mvua ya kwanza ilipita tunduni ikazima moto. Mama alitutazama bila kusema neno, na ukimya wake ulikuwa mbaya kuliko maneno. Fundi wa pili aliyabomoa mafiga, akajenga jiko banifu la udongo na tofali lenye matundu mawili, akainua bomba pana mpaka juu ya kilele cha paa na kulivalisha kofia. Mdomo wa jiko ni mdogo, mabanzi hukatwa mafupi, na ukuta wake mzito hubaki na joto mpaka usiku. Mama anauegemea mgongo. Hilo ndilo lililomshinda: ukuta wa jiko unaotwa.

Kuna hasara. Mahindi ya mbegu hayapati tena moshi wa kutosha, na mwaka huu tuliyahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ambayo mama haiamini. Na moshi unaotolewa na bomba haujatoweka, umehamia nje, na nje ndiko watoto wa jirani wanakochezea. Asubuhi za Julai zisizo na upepo, ukisimama mlimani unaona moshi wa kijiji kizima umelala bondeni kama bahari, hewa baridi ikiwa imeubana chini, na unaelewa kwamba hapa hakuna mtu anayeweza kusafisha hewa ya nyumba yake peke yake.

Kwa upishi wenyewe, kilichofanikiwa kuliko gesi ni jiko la presha la umeme. Kijiji kilipounganishwa umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) mama alilipa shilingi 27,000 kama wenzake, na kwa kuwa hatumii uniti zaidi ya 75 kwa mwezi, yumo katika kundi linalolipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Maharage yaliyolowekwa usiku huiva kwa chini ya uniti moja. Saa tatu za kuni, yaani saa tatu za macho kutoka machozi, kwa bei isiyofika ya andazi. Umeme ukikatika anarudi kwenye kuni, na umeme hukatika. Mtungi wa gesi umetoka sebuleni: sasa ni wa chai ya alfajiri na wageni wa ghafla.

Julai hii nilirudi na vipande vingine vitatu vya shuka ile ile, nikavitundika palepale, siku saba zilezile. Cha uchagani kilitoka na rangi ya majivu. Cha usawa wa kichwa changu kilikuwa na umanjano hafifu uliohitaji kukiweka karibu na kitambaa kipya ili uuone. Cha chini mama alikikagua pande zote mbili dirishani, hakukiona doa, akakifua hata hivyo, akakianika, na jioni nilikikuta kimefunika bakuli la maziwa mezani. Yeye alikuwa jikoni, mgongo umeegemea ukuta wa jiko. Alikohoa mara moja, nikasubiri ya pili.

"Unasikiliza nini?" akauliza.

Nikamwambia sisikilizi kitu.

"Hicho ni cha zamani," akasema, akasogea kunipa nafasi ukutani.